Kompyuta Inayomsindikiza Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya saba ya mama mkwe. Alikuja kwa siku tatu. Analala na mke wangu kitandani kwangu. Mimi sofani, miguu inaning'inia, shingo imekakamaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, nani atampa mkwe jembe? Leo walipokwenda sokoni nimefungua kompyuta ya nyumbani. Nimetafuta tiketi za basi, za kwenda bila kurudi. Kisha nyumba za kulelea wazee. Historia nimefuta. Mjanja mimi!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwisha. Mama hutazama video za kufuma sweta kwenye kompyuta hiyohiyo. Kila akianza mstari mpya, tangazo: basi. Mstari mwingine: nyumba ya wazee, bustani nzuri, wauguzi wapole. Kaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona hii kompyuta inanisindikiza?" Nimekohoa mpaka nikaletewa maji. Mke wangu hakucheka.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwendea jirani tunayemwita Mjuaji, ingawa kumfurahisha yule kunaniuma. Kasema kufuta historia si kitu. Tovuti zina vifuatiliaji, vinakunusa popote uendapo. Dawa ni kiendelezi, kijiprogramu cha kupachika kwenye kivinjari, chepesi, kinachozuia matangazo na vifuatiliaji vyenyewe. Kimoja tu, kasisitiza. Kimoja! Wivu huo. Nimepachika sita.

Alhamisi, 6 Machi
Maji yamezidi unga. Viendelezi vinagombana, kompyuta haiendi, na mama kakwama shingoni mwa sweta. Mke wangu kasema nikiharibu na hili, sofa nitaizoea. Nimemwita Mjuaji. Kang'oa vitano, kaacha kile chepesi, kanywa chai yangu vikombe viwili huku anatabasamu.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna tangazo hata moja! Mama kafuma jioni nzima bila kukatizwa. Siri yangu salama. Sasa ni kusubiri tu achoke mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kaniita sebuleni, kanivalisha sweta. Ni yangu. Mikono mirefu mno. Kisha kanieleza kwamba Jumanne alifunga mizigo yake. Yale mabasi aliyaona ni ishara: wakati wake wa kurudi kwake umefika. Alikuwa aondoke leo asubuhi.

"Lakini tangu juzi yamekoma, mwanangu. Nimeelewa. Nitakaa."

Mungu wangu! Ningeyaacha tu yale matangazo, leo ningelala kitandani. Machozi yamenitoka. Mama kadhani ni ya furaha, kanipangusa kwa mkono wa sweta.

Jumapili, 9 Machi
Wamekwenda sokoni. Nimeking'oa kiendelezi. Nimetafuta mabasi mara ishirini, ishara irudi. Mke wangu kaisahau simu yake mezani, basi na humo nimetafuta, mabasi na nyumba za wazee, ili kazi iende haraka. Historia nimefuta. Mjanja mimi!