Stroberi, Mamumunye na Neno Moja la Mchungaji

Jumatatu, 22 Julai

Joto digrii tisini na sita za Farenihaiti! Lami inanata kwenye kandambili. Mume wangu Verlyn amehamia chumba cha chini ya nyumba, yeye na feni yake, na hapandi ila kwa chakula.

Kikao cha kina mama wa kanisa. Nilifuata keki tu. Nimerudi na habari kubwa! Jumamosi kuna shindano la smuthi, vile vinywaji vizito vya matunda ya kusaga, za kutengeneza nyumbani. Sharti ni moja: stroberi ziwemo, zile tulizochuma sote mwezi uliopita zikajaza friza za mji mzima. Mshindi atashika dirisha la vinywaji kwenye hema la kanisa, siku zote sita za maonyesho ya kaunti, na atachagua msaidizi amtakaye.

Msaidizi amtakaye! Ninaye tayari. Binti yangu Solveig. Miaka kumi na minane, wa kwanza darasani, wa kwanza katika ukoo mzima kwenda chuo kikuu, na meno yamenyooka yenyewe bila waya. (Kina mama niliwaeleza yote haya. Wakasema wanayajua. Nikayarudia.) Anaondoka tarehe ishirini Agosti. Chuo chenyewe mwendo wa saa tatu kwa gari! Na kiangazi chote hiki anashinda bwawa la kuogelea akilinda watoto wa watu wasizame. Mimi mama mzazi ninaambulia mgongo akitoka na nywele mbichi akirudi.

Nilimwuliza akiwa anakula. Akasema sawa Mama, ukishinda naomba ruhusa wiki nzima, tunauza wote. Usiposhinda nachukua zamu za ziada bwawani.

Siku sita, bega kwa bega! Lazima nishinde. Hata ikibidi kwa njia ya haki.

Jumanne, 23 Julai

Bev Kvam kajiandikisha! Jirani yangu wa mkono wa kushoto. Mashindano ya pai kashinda miaka minne mfululizo, na blenda yake mpya inanguruma kama ndege ya kunyunyizia mahindi dawa.

Nilikwenda kupeleleza. Nikajidai naazima trei ya barafu. Mezani pake nikaona pichi, asali, mtindi na nazi. Nazi! Nani kamwonyesha nazi mwanamke wa Minnesota? Bev akaniona ninavyokodoa macho. Akaniuliza we Arlys, friji yako si inatoa barafu yenyewe? Nikamwambia inaumwa. Akasema iugue pole, huku anafunika pichi kwa taulo.

Narudi nyumbani, masalale! Kiti cha gari langu kimelaliwa na mamumunye manne, kila moja refu kama mkono wangu. Verlyn aliacha kioo wazi! Mji huu hauna mwizi, magari hayafungwi mwaka mzima. Isipokuwa Julai na Agosti. Bustani zote zinazaa mamumunye siku moja, na kila mtu anatafuta mwenzake wa kumtwisha. Nikayabeba hadi kwenye gari la Bev. Limefungwa! Limefungwa na vioo vimepanda mpaka juu! Yule mwanamke hana imani na binadamu.

Jumatano, 24 Julai

Msiba jikoni. Nilitia stroberi zikiwa jiwe, nikamimina asali juu yake. Asali ikaganda, stroberi zikashikana zikawa donge moja kama ngumi ya bondia. Blenda ikalia, ikatetemeka, ikatoa moshi, ikafa. Blenda ya harusi yangu! Miaka ishirini na minane ya ndoa, na Verlyn akapanda ngazi kuuliza kama ni mashine yake ya kukatia nyasi. Nikamwambia ni yangu. Akashukuru Mungu, akashuka.

Lakini mimi sikuzaliwa jana. Shule niliishia ya sekondari, na hisabati walinipitisha kwa huruma, ila kichwa ninacho. Verlyn ana drili. Drili ina kile chuma cha kukorogea rangi. Kilikuwa kipya kabisa, bado na karatasi yake ya dukani, naapa! Nikakichemsha mara mbili. Nikachukua ile ndoo kubwa ya aiskrimu (kila nyumba hapa inazo kumi na hakuna azitupaye), nikatia stroberi zilizoyeyuka kidogo, mtindi na maji ya limau. Drili ikafanya kazi ambayo Bev hataiota.

Tatizo: nyepesi kama maji. Ndizi zimekwisha. Nikageuka, nikayaona mamumunye manne yananitazama.

Nikamenya moja. Nikalikata vipande, nikagandisha, nikalikoroga humo humo. Mama wee! Nzito, baridi, laini kama hariri! Na mumunye lenyewe huwezi kulisikia hata ukitafuta kwa tochi.

Ijumaa, 26 Julai

Nimemjaribishia Solveig. Huyu mtoto hajaonja mumunye tangu ana miaka minne, alipolificha kwenye kiatu cha babu yake. Akanywa glasi moja. Akanywa ya pili. Ya tatu akainywea mlangoni, kofia ya bwawani kichwani. Akauliza Mama, umetia nini humu? Nikamwambia upendo. Akasema basi huo upendo uongezee limau kidogo.

Nikauongezea. Ana ulimi wa malkia, nimemzaa mwenyewe.

Mwamuzi ni Mchungaji Marisol Quintero, mgeni wetu kutoka Texas, ana wiki sita tu hapa. Peke yake! Hana upande, hana deni la pai la mtu. Dirisha lile ni langu.

Jumamosi, 27 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Ukumbi wa kanisa. Majagi sita mezani, yote pinki, huwezi kutofautisha. Mbele ya kila jagi kadi yenye namba. Jina la mwenyewe limeandikwa kwenye kipande cha selotepu chini ya jagi, kama tunavyofanya na bakuli zote za kanisa. Langu namba nne. La Bev namba mbili. Solveig kaja na sare ya bwawani, kakaa mstari wa tatu, kaninyanyulia dole gumba.

Mchungaji akaonja la kwanza, akasema tamu. La Bev, akasema tamu sana. La tatu, tamu. Akafika langu. Akanywa. Akafumba macho. Akanywa tena mpaka chini! Kisha akasema kwa sauti, mbele ya watu wote na mbele ya mwanangu:

"Jamani, hii ni tofauti! Hii ni tofauti kabisa!"

Kina mama wakainamia vikombe vyao vya kahawa. Mtu akakohoa.

Tofauti! Hapa kwetu neno hilo hulisemi kwenye chakula cha mtu isipokuwa umekosa lolote la heshima la kusema. Ruby Moen aliambiwa samaki wake wa jeli ni "tofauti" Krismasi ya mwaka 2009, na tangu siku hiyo Ruby huleta vitambaa vya mezani tu.

Nikaona giza. Dakika chache tu na jagi langu litainuliwa, jina langu lisomwe, na Solveig aende chuoni akiwa binti wa yule wa smuthi tofauti. Sikubali! Mchungaji alipotuambia tufumbe macho kwa sala kabla ya kutangaza, mimi sikufumba. Nilisogea mezani taratibu kama anayetafuta leso. Nikabadilisha kadi. Nne kwa Bev. Mbili kwangu. Aibu ikae kwa mwenye nazi!

Amina. Macho yakafunguka. Mchungaji akasema mshindi hana mpinzani, ni ile ya tofauti, namba nne!

Nini?!

Akainua jagi. Akasoma selotepu. Bev Kvam! Makofi! Kumbe huko Texas tofauti ni sifa! Sifa! Nani alitakiwa kunieleza?

Solveig akanikumbatia akasema pole Mama, basi nitampigia meneja wa bwawa. Nimekula keki nne.

Jumapili, 28 Julai

Kengele ya mlango. Bev! Nikajua kaja kunipasua.

Hakuja kunipasua. Alisimama barazani akikunja aproni. Akasema Arlys, hainiingii akilini. Mchungaji kaja kwangu kunywa tena, kanywa, kasema hii siyo ile. Labda kadi zilichanganyika tu. Ile ilikuwa yako? Maana kama ni yako, dirisha ni lako na mimi nasimama mbele ya kanisa nasema.

Sikuamini masikio yangu! Mwanamke mwenye roho nzuri namna ile, na amekaa mkono wangu wa kushoto miaka yote!

Nikamjibu kama nilivyolelewa. Nikasema hapana, hapana, mimi wapi. Akasema una hakika? Nikasema hapana bwana, Bev, chukua wewe tu. Hapo nikatulia, natabasamu, namsubiri. Hapa kila mtu anajua: unakataa mara mbili, unakubali ya tatu. Hata kipande cha keki hupokei kabla ya mara ya tatu!

Bev akasema haya basi.

Akashuka ngazi. Akaondoka! Hakuuliza ya tatu! Nilibaki mlangoni mdomo wazi mpaka nzi akaingia.

Hayakuishia hapo. Baada ya chakula Solveig akashuka na simu mkononi, anacheka. Bev kampigia. Kamchagua yeye awe msaidizi wake, eti hakuna binti mchapakazi kama huyu mji mzima.

Hilo ni kweli. Ndilo linalouma.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya nne ya maonyesho. Siku sita bega kwa bega, ila na bega la Bev! Wanacheka pamoja. Wana ishara zao za vidole. Solveig anamwita "bosi".

Mimi napanga foleni. Leo nimepanga mara tisa. Ukifika dirishani unapata kama nusu dakika. Nusu dakika ya kwanza nilimwuliza amekula. Ya pili, kama amepaka mafuta ya jua. Ya tano nikaishiwa, nikamwuliza mji mkuu wa Norwe. Mzee mmoja nyuma yangu akasema we mama, wengine tuna kiu. Nikamwambia yule ni mwanangu, anakwenda chuo kikuu. Akasema umeniambia jana.

Tumbo langu halitaki tena kusikia habari za nazi.

Jumapili, 11 Agosti

Solveig hana zamu leo. Amekuja jikoni, akatoa drili ya Verlyn kwenye kabati, bado ina madoa ya stroberi, akaiweka mezani mbele yangu. Nikashtuka mpaka kijiko kikaniponyoka.

Akasema Mama, nilijua tangu Jumamosi ile. Nilionja mabaki ya jagi la namba nne na la namba mbili nikiosha vyombo. Nilikunywa glasi tatu zile, ulimi wangu utasahau? Mbona hukusema?

Nikaanza kueleza habari ya kadi, na sala, na Texas. Akanikatiza. Akasema si habari ya kadi. Mbona hukusema tu kwamba unataka kukaa na mimi? Ningeomba ruhusa, shindano au hakuna shindano. Ungesema tu, Mama.

Nililia mpaka aproni ikalowa. Akalia na yeye. Tukakoroga ndoo nzima, tukakaa ngazi za nyuma, miguu kwenye beseni la maji, tukainywa yote. Nikakiri na habari ya mumunye. Alipiga kelele hadi Verlyn akapanda. Kisha akajimiminia tena.

Nikamwahidi: hila basi. Kuanzia leo mama yako atasema wazi lililo moyoni. Akanibusu shavuni, akaenda kupanga masanduku.

Alipofika juu nikachukua simu. Jikoni mwa chuo chao wanatafuta mpishi wa zamu ya asubuhi! Nimewapa jina langu la usichana. Wananitaka Alhamisi kwa mahojiano. Solveig asijue hata kidogo, nataka anikute siku ya kwanza nyuma ya kaunta nikimpakulia mayai.

Verlyn nimemwambia Alhamisi nakwenda kung'oa jino. Akauliza lipi. Nimemwambia nitachagua njiani.