Kura ya Adabu, Kata ya Kiln Lane

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Tena! Alhamisi ndiyo uchaguzi wa halmashauri ya jiji la Harnbury, na mgombea mwenyewe, yaani mimi, Lionel Garside, nina bandeji kwenye vidole viwili. Mbwa wa namba kumi na nne. Nilikuwa nasukuma kipeperushi kwenye tundu la barua la mlangoni. Yeye yuko upande wa pili, kimya, ananingoja. Mshenzi!

Rodney Threlfall, kiongozi wa chama chetu cha Wakazi, alipiga simu. Hakuuliza habari za vidole. Alisema Wekundu, chama kinachotawala, wanashikilia jiji kwa kiti kimoja tu. Nikimwangusha Diwani wao hapa Kiln Lane, Maureen Tattersall, halmashauri itakuwa yetu baada ya miaka thelathini, na mimi nitapewa uenyekiti wa kamati ya taka. Kamati ya taka! Hapa Harnbury watu husamehe ushuru, husamehe hata uzinzi, lakini pipa lililorukwa hawalisamehe. Mwenye mapipa ndiye mwenye jiji.

Jumatatu, 4 Mei

Sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo mvua. Nimekutana na Maureen mwenyewe kwenye geti la watu. Bibi wa miaka sabini na ushei, koti la mvua, ua jekundu la utepe kifuani, alama ya chama chake. Akaona bandeji. Akacheka mpaka akashikilia geti.

"Kipenzi, unaingiza vidole? Nani kakufundisha kampeni?"

Akatoa mwiko wa mbao mkobani. Kumbe karatasi hulazwa juu ya mwiko, mwiko ukaingia tunduni, mbwa akang'ata mti. Akanipa uwe wangu. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mpinzani wake. Akasema mbwa hawajui hilo.

Mwanamke gani huyu! Nilimtazama akishuka na barabara nzima. Huyu anamuuliza nyonga yake mpya inaendeleaje, yule anamwambia pipa lake litaletwa wiki hii. Na litaletwa kweli! Najua, maana langu aliniletea yeye, mwaka ule nilipomwandika vibaya gazetini.

Jumatano, 6 Mei

Nina mpango. Safi kabisa. Muungwana hajipigii kura mwenyewe. Ni sawa na mwenye nyumba kujipakulia kwanza. Basi nitamwambia Maureen tupigiane: mimi nimpigie yeye, yeye anipigie mimi. Yeye ni mtu wa neno lake, atatimiza. Mimi nikifika kibandani nitajipigia mwenyewe. Yeye apungukiwe moja, mimi niongeze moja. Akili ni mali!

Nilimweleza mke wangu, Jocelyn. Akauliza kama kweli bustanini hakuna kazi.

Nikaenda hivyohivyo. Maureen alinitilia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea biskuti. Akasema hilo ni wazo la kuvutia sana. Amekubali! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Mei

Siku yenyewe. Tunapigia kura ukumbi wa kanisa. Mlangoni nikamkuta Maureen kalowa chapachapa, mwavuli wake umemfunika mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mzee yule kavaa ua la zambarau. La kwetu! Maureen anamsukuma aje kunipigia kura mimi, huku anamtania kwamba zambarau inamfanya aonekane mgonjwa.

Nikaingia kibandani. Penseli imefungwa kwa uzi, kama kawaida. Garside juu, Tattersall chini. Nikajiona mwizi. Nikasema moyoni, kura moja haijawahi kumwangusha mtu. Mkono wenye bandeji ukateremka wenyewe, ukatia alama kwa Maureen.

Nilitoka kifua mbele. Jocelyn aliuliza nina nini. Nikamwambia ni uungwana.

Ijumaa, 8 Mei

Wamehesabu. Wamerudia. Wamerudia tena, kwa ombi la Rodney, huku jasho likimtoka. Maureen kanishinda kwa kura moja.

Moja!

Jiji limebaki kwa Wekundu. Rodney aliketi sakafuni katikati ya ukumbi wa michezo kura zilikohesabiwa, akaling'oa ua lake utepe mmoja mmoja. Mimi nilimwendea Maureen kumpa mkono. Nikamnong'oneza: alitimiza yale makubaliano yetu?

"Makubaliano gani, kipenzi?"

Nikamkumbusha chai. Akanitazama kwa huruma. Akasema yeye alisema wazo linavutia, na mtu aliyezaliwa Harnbury anapaswa kujua kwamba maana yake ni hapana. Alijipigia mwenyewe, asubuhi na mapema. Asiyejipigia mwenyewe atamwomba nani?

Nikamwambia mimi nilitimiza.

 Maureen Tattersall, aliyewanyamazisha mameya saba, akaangusha mkoba wake! Kisha akanikumbatia mbele ya watu wote, Rodney akiona, akaniambia sikioni kwamba katika wote aliowashinda mimi ndiye muungwana wa kweli, na nisithubutu kumwambia mtu mwingine maisha yangu yote. Nilitokwa na machozi. Ningempigia tena.

Jumatatu, 11 Mei

Kikao cha chama. Rodney anasema tumesalitiwa. Amepitia wanachama wetu wa Kiln Lane mmoja mmoja, na wote walifika kupiga kura. Kwa hiyo kuna mtu wetu, tena wa karibu, aliyempigia Maureen. Lazima iundwe kamati ya kumsaka. Nani ataiongoza? Watu wote wakatazama viatu vyao.

Nikanyoosha mkono. Wamenipitisha bila pingamizi. Mwenyekiti! Jocelyn, aliyekuja na keki, aliniangalia kwa muda mrefu sana.

Nimeanza kazi papo hapo, kwa pendekezo ambalo nadhani liliwashangaza: kila mwanachama wa kata asimame mbele ya kamati, ashike Biblia, aape alimpigia nani. Makofi! Na ili asiwepo wa kusema mwenyekiti anajipendelea, wa kwanza kuapa nitakuwa mimi.