Koti la Pili kwenye Msumari

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeamua kuwa mtu wa maana. Sababu: koti.

Nyuma ya mlango wa maabara ya shule kuna msumari, na kwenye msumari makoti meupe mawili. Moja la Mama Maabara, anayetunza vyombo na kutuandalia majaribio. La pili halina mwenyewe. Leo ametangaza kwamba likizo hii anataka msaidizi mmoja. Kila anayetaka achague mmea, atoe maji yake, apime kama yanazuia bakteria. Mwenye jaribio zuri kuliko wote atavaa koti la pili mwezi mzima.

Mwezi mzima! Kando yake!

Ukweli usemwe, maana humu hasomi mtu. Mimi humtazama Mama Maabara kama wenzangu wanavyotazama mpira. Anamimina kutoka chupa kubwa kwenda kichupa chembamba, bila mrija, huku anaongea, na tone halianguki. Darasani tunasomeshwa bakteria kwa Kiingereza na wanatisha kama majambazi. Yeye akiwaeleza kwa Kiswahili wanakuwa wageni wakorofi tu: wanaingia bila hodi, wanakula, wanazaana, na kuwatoa ni kazi. Kwa miaka miwili nimemwambia maneno tisa. Sita kati ya hayo ni "ndiyo".

Wa kwanza kunyoosha mkono: Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu hana pa kuzimia. Akasema atapima kitunguu saumu. Kisha akaniuliza, mbele za watu, eti Bi Kimya, wewe utapima nini, maji ya bomba? Wakacheka. Nikasema bogonvilia.

Sijui lilitoka wapi. Nadhani ni kwa vile ndilo ua ninaloliona kila nikifungua mlango.

Jumanne, 4 Juni

Tatizo: bogonvilia ni ya Shangazi.

Shangazi ni fundi cherehani. Ua lake limepanda pande zote mbili za mlango, jekundu hadi linaumiza macho, na kila mteja akichukua gauni jipya husimama pale apigwe picha. Shangazi anasema ua hilo ni mfanyakazi wake bora kuliko sisi sote nyumbani. Kuligusa ni marufuku.

Mpango wangu: kuchuma jani moja hapa, moja pale, wakati cherehani inalia. Nilianza vizuri. Halafu miiba. Halafu haraka. Nilipozinduka, upande wa kushoto wote ulikuwa mtupu. Mlango sasa unafanana na mtu aliyenyolewa nusu, kinyozi akaitwa kwenye simu.

Shangazi akatoka na pini mdomoni. Kwa bahati, mbuzi wa Jirani alikuwa amesimama palepale anatafuna mambo yake. Shangazi akatoa pini moja moja, dalili kwamba maneno makubwa yanakuja, akamwambia mbuzi hana haya wala adabu, na aliyemlea vilevile. Jirani akatoka kusema mbuzi wake ameshiba kwao. Shangazi akamuuliza, aliyeshiba kwao anatafuta nini kwenye mlango wa watu?

Mimi sikusema uongo. Nilinyamaza tu. Ndicho kipaji changu.

Jumamosi, 8 Juni

Majani yamekauka chini ya kitanda changu, juu ya magazeti. Nimeyatwanga kwenye kinu. Shangazi akauliza natwanga nini. Nikasema kazi ya shule. Kweli tupu!

Mbuzi amefungwa kamba fupi. Analia kutwa. Nimemrushia maganda ya ndizi juu ya ukuta. Ameyala bila kinyongo. Ana moyo kuliko mimi.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya sahani.

Unga wangu umelala kwenye spiriti tangu jana. Leo nimeuchuja: maji ya kijani, mazuri kama ya kuuzwa dukani. Mama Maabara ametukatia viduara vya karatasi kwa mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi. Kisha akapaka bakteria kwenye jeli ya kila sahani, wale wapole wa shuleni, na ni yeye tu anayewagusa. Anainua kifuniko upande mmoja, kidogo, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Anapaka. Anafunika. Nilisahau kupumua.

Masharti yake: chovya kiduara, kiache kikauke kabisa, ndipo ukiweke. Na kimoja kichovye kwenye spiriti tupu, bila mmea wowote. Hicho anakiita shahidi. Sahani zinakaa siku mbili kwenye kabati la joto. Bakteria wakishindwa kuota kuzunguka karatasi, panabaki duara jeupe, safi. Duara likiwa kubwa, mmea una nguvu.

Tukaandika majina kwenye vifuniko. Mara nikasikia mtu nyuma yangu. Yeye! Amesimama anatazama mikono yangu! Mikono ikatetemeka kama ya mwizi (ambayo kwa kiasi fulani ndiyo). Nikaviweka viduara vingali vinachuruzika, nionekane mwepesi.

Na shahidi? Sahani ina nafasi nne. Kwa nini nimpe nafasi karatasi isiyo na kitu? Nikaweka bogonvilia zote nne.

Alhamisi, 13 Juni

MADUARA! Manne! Safi kama madirisha yaliyofutwa!

Milimita ishirini na mbili. Kitunguu saumu cha Redio: kumi na tisa. Redio akapima changu mara tatu, kisha akalaumu rula. Halafu akanyamaza dakika nzima. Watu wakamwangalia kama anaumwa.

Mama Maabara akainama juu ya sahani yangu. Nilishaanza kutunga hotuba. Ndipo akauliza, taratibu, shahidi yuko wapi.

Nikasema ndiyo.

Akauliza tena. Nikasema ndiyo. Zimefika nane sasa.

Hakupandisha sauti. Akanieleza kwamba spiriti nayo inaua. Karatasi ikiwekwa mbichi, hatujui aliyepigana ni jani au ni spiriti, na bila shahidi hatuna wa kumuuliza. Akasema nirudie wiki ijayo, viduara vikavu, shahidi awepo. Redio naye arudie, ili tuwe sawa. Kisha akasema nina mkono mzuri, ila una haraka.

Nina mkono mzuri!!

Kwa furaha niligeuka na chupa yangu mkononi. Bomba lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote. Chupa ikapasuka. Maji yangu yote ya kijani yakaingia kwenye karo la kuoshea vyombo.

Kwa hiyo jioni, zamu ya kuchuma upande wa kulia wa mlango. Lakini mbuzi amefungwa! Nani atasadiki? Nikamfungua. Dakika kumi tu. Alikwenda kusimama pale hasa nilipomtaka, kama aliyesoma mchezo wa kuigiza.

Shangazi na Jirani sasa hawasalimiani. Miaka kumi na moja wamekuwa wakiazimana ngazi. Mteja mmoja ameuliza kama zile ni kuni.

Alhamisi, 20 Juni

Andika yote. Usijipendelee.

Juzi niliweka viduara vikavu, vitatu vya bogonvilia na shahidi. Leo nimeingia maabara kabla ya kengele, Mama Maabara akiwa amekwenda kuchota maji. Nikafungua kabati la joto.

Hakuna kitu. Bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Wengine wamepanda juu yake kama wako kwenye kochi. Kwa shahidi, vilevile. Maana yake zile milimita ishirini na mbili zilikuwa kazi ya spiriti, na bogonvilia ya Shangazi yenyewe haiui hata mmoja. Nimeunyoa mlango mzima kwa bure.

Sahani ya Redio kando yake: kumi na tisa, kama zamani.

Hapo ule mkono mzuri ukafanya jambo. Nilikuwa nautazama tu. Ukachukua kifuniko chenye jina langu ukakiweka juu ya sahani ya Redio, na cha Redio ukakiweka juu ya yangu. Haukutetemeka hata kidogo. Aibu iliyoje: nilijivunia ulivyotulia.

Saa nne tukakusanyika. Redio akafunua kifuniko chenye jina lake akakuta kichaka cha bakteria. Mdomo wa chini ukamcheza. Mdomo huo sikuwa nimeupangia.

Mama Maabara akazichukua sahani zote mbili. Hakunitazama. Akazigeuza chini juu.

Chini ya kila sahani, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa na namba. Aliziandika mwenyewe siku alipomimina jeli, na kwenye daftari lake kila namba ina mwenyewe. Akatuambia sote, kwa upole, kwamba vifuniko hutembea, sahani hukaa, ndiyo maana yeye huandika chini. Akarudisha kila kifuniko mahali pake, kama mama anayewavisha watoto viatu walivyobadilishana mlangoni. Hakutaja jina la mtu. Redio akaanza kuongea tena na hajanyamaza hadi sasa.

Kisha akapima ya kwangu. Hapakuwa na duara la kupima! Hata hivyo akaweka rula, karatasi moja baada ya nyingine, zote nne, akainama kabisa hadi pua ikaikaribia sahani. Akaandika sifuri kwenye daftari kubwa kwa mwandiko uleule mzuri alioandikia kumi na tisa. Sijawahi kuona mtu anaiheshimu sifuri namna ile. Nikatamani kuwa sifuri yake.

Wenzangu walipotoka nilibaki. Nikaongea. Maneno arobaini na moja, niliyahesabu baadaye kitandani: kwamba vifuniko havikutembea, niliviendesha mimi, na siku ya kwanza viduara viliwekwa vibichi, na shahidi nilimwacha kwa kusudi.

Akasema anajua. Alikuwa anasubiri tangu asubuhi aone kama nina sauti. Akasema, mwanangu, humu ndani kila uchafu unaoshwa, ila namba ya uongo ukishaiandika haitoki kwa sabuni. Nililia kidogo. Akanipa karatasi ya kuchujia nifutie pua. Hata hiyo aliikunja vizuri.

Akaniuliza majani mengi kiasi kile nimeyatoa wapi. Nikasema nyumbani.

Habari za mbuzi sikuzigusa. Kukiri mara moja kwa siku kunatosha.

Ijumaa, 21 Juni

Koti amepewa Redio. Linamfika vifundoni. Ameshayaeleza madarasa manne.

Lakini subiri! Mama Maabara aliniita. Likizo kila Jumamosi asubuhi atahitaji mtu wa kuosha sahani na kukata mashahidi, mia mbili kwa kuanzia. Akasema kazi ya mashahidi hampi mtu yeyote tu, anampa aliyeonja yanayotokea wasipokuwepo. Akanipa aproni ya plastiki. Ya kijani. Ina kipande cha kamba ya katani badala ya mshipi.

Nimepima: kutoka karo hadi meza yake ni hatua tatu. Kutoka meza ya Redio ni tano. Nani ameshinda?

Nikamwambia asante sana, Mama. Maneno matatu, hakuna "ndiyo" hata moja.

Leo jioni nimekaa nikatafakari kwa dhati. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua siku kumi na nane, lakini nimeelewa. Nimeapa, na naandika hapa kwa wino: sitaweka kiduara kibichi tena. Sitagusa kifuniko cha mtu. Shahidi atapewa nafasi ya kwanza, hata kama mimi nitakosa. Nimebadilika kabisa.

Mama Maabara amesema mzunguko wa pili wa mimea utakuwa likizo hii, na wa aproni pia wanaruhusiwa. Shangazi, ili wateja wapate pa kupigia picha, amepanga waridi kumi na mawili kwenye makopo mbele ya ngazi. Yamefunguka leo. Majani yake mazito, yana afya, hayana miiba mingi kama yale mengine.

Na Jirani amemwonea mbuzi huruma, amemfungua kamba mchana huu.

Vizuri. Nitamhitaji Jumapili.