Fuateni Waya

Jumatatu, 3 Machi 2025
Hodan, yule mama wa duka la vitambaa karibu na msikiti, ameanza kuuza intaneti. Hapa Majengo! Mtaa niliounganisha mimi, nikipanda mabati kwa magoti haya. Na bei yake ni nusu ya yangu. Nusu! Nimepiga hesabu: wateja kumi wakihama, nafunga. Nimekimbilia kwa Mama Ngugi, mwenye tangi la maji lililoinuka kuliko yote. Nimemwomba asimruhusu Hodan kufunga antena pale. Amekubali, mradi yeye apate intaneti bure. Sawa. Nimemfungia njia.

Jumatano, 5 Machi
Hodan amefunga antena kwenye ghorofa ya binamu yake. Ati ni ndefu kuliko tangi! Nimewaandikia wakaguzi wa mawasiliano: kuna mtu anauza intaneti bila leseni, fuateni waya wa bluu mtamfikia. Wangu ni mweusi. Mimi pia sina leseni, lakini hilo hawakuniuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekuja! Wawili, na ngazi. Nikachungulia dirishani nikicheka. Wakafuata waya wa bluu kutoka kwa Hodan, juu ya mabati, wakapita kwa kinyozi, wakabisha kwangu. Kwangu! Kumbe Wakiuru, mke wangu, alihamia intaneti ya Hodan juzi. Ati, "Baba Tabby, yako inazunguka tu kama mbwa anatafuta pa kulala." Mbele ya wageni!

Mkaguzi akaona mitambo yangu chini ya kochi. Akataka leseni. Nikaona mitambo ikibebwa, Tabby akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Hodan akaingia, leseni mkononi. Anayo! Akawaambia atanisajili chini yake, niwe wakala, bora nifungue lile tangi kwa antena za wote. Akaniuliza, "Ama vipi, mzee wangu?" Nikaitikia kabla hajafunga mdomo. Wakanipa mpaka mwisho wa mwezi, wakaenda na ngazi yao. Wueh! Nimekunywa chai birika nzima.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala kama mtoto. Wateja wanarudi. Ushindani ni kitu kizuri sana, nimetoa shukrani kanisani.

Pale nje nikasikia Kim, yule kijana wa skuta, analeta intaneti yake Majengo. Hodan akasema tumwache ajaribu, hata sisi tulianza hivyo. Huyu mama hajui biashara! Nimepitia kwa Mama Ngugi kuhusu tangi. Halafu nimewaandikia wakaguzi tena. Safari hii nimewaomba wasifuate waya.