Sauti ya Nne Ukumbini

Alhamisi, 8 Januari
...na kwa hivyo Emmah wangu bado yuko Jeddah na mimi Riyadh, miezi miwili tu baada ya harusi. Leo kanipigia simu kutoka mtaa wa Sharafiya akitafuna karanga. Nimempenda upya.

Lakini njia imepatikana. Bosi ninayemwendesha gari amepewa na shemeji yake tiketi mbili za opera ya kesho. Hataki kwenda, kuna mpira. Kasema niende na rafiki, nitazame mpaka mwisho, nimsimulie, ili shemeji akimuuliza Jumapili asiumbuke. Zawadi yangu: siku tatu za kwenda kwa mke. Nimemwalika Fidel, askari wa lango la jirani. Kauliza kama kuna chakula.

Ijumaa, 9 Januari
Nilivaa suti ya harusi. Fidel akasema nanukia kama bibi harusi.

Ukumbini mama mmoja akaimba peke yake, Kiitaliano. Sikuelewa neno. Lakini sauti ile ilinirudisha kwetu Webuye, mazoezi ya kwaya, mvua juu ya mabati, Emmah upande wa sauti ya pili na kitambaa chake cha samawati, akinichungulia juu ya kitabu cha nyimbo nikikosea. Nilikosea makusudi. Sitapata tena jioni kama zile. Nikalia.

Kisha yule mama akanyamaza, akatunyooshea mikono. Kwetu kwayani anayeanzisha akinyoosha mikono, unaitikia. Nikasimama, nikatoa sauti ya nne, ile nzito ya chini, yote niliyonayo. Fidel akanivuta koti: kaa chini wewe, unafikiri hii ni Webuye?

Walinzi wawili wakaja kwa adabu sana. Yalla, halas: haya twende, imetosha. Mwisho hatukuuona. Fidel kasema amefukuzwa mahali pengi, lakini hajawahi kufukuzwa akiwa amekaa kimya.

Jumamosi, 10 Januari
Bosi kataka mwisho. Ningesema kweli, siku zangu tatu zingekwenda. Nikasema yule mama mwimbaji na mpenzi wake walioana. Sikuwa na harusi nyingine kichwani, nikampa yangu: mama mkwe akicheza hadi kiatu kikakatika, upepo ukaangusha hema, bibi harusi akacheka chini ya turubai. Nilisimulia kwa moyo mzima. Bosi akauliza hema lilikuwa rangi gani. Jeupe, nikasema.

Jumatatu, 12 Januari
Jana bosi kasimulia yote mbele ya wageni, hema na rangi yake. Shemeji kapaliwa na kahawa. Kumbe mwishoni yule mama mwimbaji hufa kwa kifua kikuu, na hakuna hema. Leo bosi kanena nami mara moja tu: mafi ruhusa, hakuna ruhusa.

Emmah alicheka sana. Kisha akasema alikuwa amekwisha kuomba zamu yake ya kazi ibadilishwe, tupate siku zile tatu. Hilo liliniuma.

Lakini madam, mke wa bosi, ana tiketi mbili za wiki ijayo, naye hataki kwenda; nikimsimulia vizuri nitamwomba yeye siku zile tatu. Fidel kasema nisimtaje. Safari hii nitakaa karibu na mlango na kuitikia polepole. Nimemwambia Emmah asirudishe zamu: kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwake Jeddah.