Asilimia Sita Zilizobaki za Kuwasikiliza Watu wa Talzin

Mamlaka ya Usikilizaji wa Wenyeji inapenda kuutangazia umma kwamba watu wa Bonde la Talzin wameshasikilizwa kwa asilimia tisini na nne. Mafanikio ya namna hii hayajaonekana tangu Kanada iwe Kanada. Zimebaki asilimia sita tu, nazo zitakamilishwa kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri, ili Jumatatu mtambo wa kutoboa uanze kupitisha bomba la gesi chini ya mto kwa amani na maelewano.

Tangazo hilo liliandikwa na Bwana Lorne Hatchard, Naibu Mkurugenzi wa Usikilizaji (Mito na Vijito), na ndiye aliyetumwa kwenda kuzichukua hizo sita. Mtu mwema, Lorne. Miaka kumi na moja kazini, hajawahi kumkatiza mtu kauli. Zile tisini na nne alizikusanya mwenyewe kwa jasho lake. Barua iliyorudi kwa kukosa anwani, nusu asilimia. Salamu kwenye kituo cha mafuta, moja nzima. Simu iliyopokelewa ikakatwa, mbili, maana kukata nako ni maoni. Nyumba moja alibisha hodi wenyewe hawapo, mbwa akambwekea mpaka barabarani. Lorne akaandika: "Mkazi alionyesha hisia kali. Zimezingatiwa."

Jumatano alimkuta Mama Philomena Joachim, mkubwa wa Ukoo wa Chura, kwenye jiko la ukumbi wa kijiji, mbele ya gunia la vitunguu.

"Hodi, Mama. Nimekuja kukusikiliza."

"Karibu. Nawa, kuna kisu hapo."

"Ila mimi nimekuja kusikiliza tu."

"Utasikiliza huku unakata. Au masikio yako yako mikononi?"

Lorne akanawa. Mama Philomena hakumwangalia, aliongea na vitunguu vyake.

"Mwanangu, hapo mnapotaka kutoboa ndipo samoni wanapotaga. Mayai yanakaa kwenye changarawe majira yote ya baridi. Tope la mtambo wenu likishaziba changarawe, mayai yanakufa, kwisha habari. Miaka minne mbele hakuna samaki. Kibanda changu cha kukaushia samaki alikijenga bibi yangu. Nitaning'iniza nini mle, mabomba?"

"Wasiwasi wako umepokelewa, Mama, na umepewa namba. Elfu moja mia moja arobaini na sita."

"Na ule wa elfu moja mia moja arobaini na tano, mliufanya nini?"

"Ulipewa namba."

Mama Philomena akaweka kisu chini. "Mimi naogopa, unanielewa? Hasira nilishamaliza zamani. Sasa naogopa kweli."

Lorne akaitikia kwa kichwa. Si kuitikia hivi hivi, jamani. Mamlaka ilimpeleka semina ya siku tatu ya kuitikia kwa kichwa: polepole, mara tatu, kidevu kishuke kidogo, macho yawe na huruma. Alifaulu daraja la kwanza.

"Hiyo umeniandikia ngapi?" Mama aliuliza.

"Nukta mbili ya asilimia, Mama."

"Basi ukizitaka zote, njoo kesho mchana. Mpwa wangu Clement anapewa jina la marehemu mjomba wake. Watu mia tatu watakuwepo. Utakaa na wageni, upande wa mashahidi."

Lorne nusura ajikate kidole. Mia tatu kwa mpigo mmoja! Hata Waziri mwenyewe hajawahi kusikiliza watu mia tatu, labda kwa kuwajumlisha wa maisha yake yote.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Ukoo wa Chura, wenye shughuli, hawakukaa wala kula, walikuwa wakipita na sinia za mkate wa kukaanga na masufuria ya supu. Wageni walijipanga mezani kwa koo zao, kila mmoja na kikapu cha plastiki cha nguo chafu, kitupu kabisa, karibu na miguu yake. Lorne alikuja na mkoba wa nyaraka. Pembeni yake alikaa Mzee Ambrose wa Ukoo wa Mbwa-mwitu, dereva mstaafu wa malori ya magogo, mtu wa tumbo na kicheko.

"Kikapu chako kiko wapi, bwana mkubwa?"

"Cha nini?"

"Cha kubebea malipo! Shahidi analipwa hapa, tena analipwa vizuri. Kazi yenyewe nyepesi. Wakisema lisilo kweli, simama ubishe palepale. Ukikaa kimya ukapokea zawadi, umekubali, na siku ukiulizwa utasema hivyohivyo. Hiyo ndiyo sheria yetu."

"Bahati mbaya mimi siruhusiwi kusema," Lorne alimnong'oneza. "Kanuni ya kumi na mbili. Afisa Msikilizaji hasemi wakati wa usikilizaji wa hadhara."

Mzee Ambrose akamkodolea macho. Kisha akamsogezea bakuli la pili.

"Kula, ndugu yangu. Kula ushibe."

Clement akasimamishwa katikati, vazi la ukoo mabegani. Jina akapewa, halitamkwi ovyo nje ya ukumbi, basi na sisi tuliache. Na kwa kuwa jina hilo lina ardhi yake, Mama Philomena akaanza kuitaja: mlima huu mpaka kijito kile, kijito mpaka kona ya mto, kona mpaka changarawe wanapotaga samoni.

"Na chini ya mto huu, mpaka kule udongo unakoishia, hachimbi mtu bila ruhusa ya Ukoo wa Chura. Hata serikali haichimbi. Anayetaka kulibadilisha neno hili siku nyingine, aandae karamu yake, awalishe watu wote hawa, aseme mbele yao."

Mwita-karamu, msemaji wa shughuli, akauliza mara tatu: "Yupo anayepinga?"

Hakuna aliyesimama. Nyuso mia tatu zikamgeukia Lorne. Moyo wake ukajaa furaha, kwa sababu hajawahi kutazamwa na watu wengi hivyo bila kuzomewa. Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara tatu, kidevu kikishuka kidogo.

"Kaitikia!" Mzee Ambrose alipaza sauti. "Serikali imeitikia!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Lorne akalipwa taulo mbili, unga, sukari, blanketi na soksi pea nne. Kwenye daftari la mashahidi akaandika jina na cheo chake chote, mabano yakiwemo, akagonga muhuri. Hatembei bila muhuri, yule.

Ijumaa saa tisa ripoti ilikuwa mezani kwa Waziri. "Usikilizaji: asilimia mia. Waliohudhuria: mia tatu na wawili. Pingamizi: hakuna." Maneno ya Mama Philomena yaliambatishwa yote, maana msikilizaji hodari haachi kitu. Waziri alisoma ukurasa wa kwanza, ambao huwekwa kwa ajili hiyo, akathibitisha yaliyomo neno kwa neno, akaagiza yachapwe Jumamosi kwenye gazeti rasmi la serikali pamoja na viambatisho vyote. Nchi nzima ione.

Nchi iliona. Jumatatu mtambo wa kutoboa ulimkuta Mama Philomena barabarani na chupa ya chai na gazeti hilo. Msimamizi akalisoma mara mbili, akazima injini, akapiga simu. Muda si muda simu ya Lorne nayo ikalia.

"Hatchard! Umewapa mto?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi nilisikiliza tu. Aliyethibitisha ni wewe."

"Futa!"

"Wanasheria wetu wameshaisoma. Wanasema ulithibitisha hata namna ya kuifuta. Inabidi uandae karamu."

"Agiza chakula hotelini basi, tumalize!"

"Mwenye karamu anahudumia mwenyewe, Mheshimiwa. Kwa mikono yake. Na haruhusiwi kukaa, wala kusema neno lake mpaka watu wote washibe."

Maandalizi yalichukua miezi, na muda wote huo mtambo ulikaa kando ya barabara ukiota kutu. Karamu ikaangukia Septemba, samoni wakiwa wamejaa mtoni wekundu, wanataga. Waziri alivaa aproni juu ya suti, hotuba yake ya kurasa kumi na nne mfukoni, akibeba masufuria tangu saa sita mchana. Lorne alikuwa jikoni kwenye vitunguu, machozi yanamtoka, huku akigundua kwamba hajawahi kuipenda kazi yake kiasi hicho.

Karibu na saa kumi na moja Waziri alijikokota hadi kwenye meza ya Mama Philomena, amelowa jasho.

"Mama, shikamoo. Naweza kusema sasa?"

"Marahaba, baba. Mbona watu bado wanakula? Meza ile ya nyuma haijapata mkate."

Waziri akageuka kwenda kuchukua sinia. Mama Philomena alikuwa ameshiba tangu saa nane. Akamwita arudi, akamnyooshea bakuli, akaomba supu nyingine.