Sahihi ya Saba

Alhamisi, 7 Novemba

Habari mbili. Nzuri: Kanali Harlan Prewitt anakuja Cocoa Beach wikiendi hii, siku tatu nzima, kuwatilia sahihi mashabiki. Mbaya: ametangaza kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Ana miaka themanini na sita, mkono unatetemeka, amechoka. Baada ya Jumapili hamsainii tena mtu yeyote, hata awe nani.

Picha yangu ya wanaanga saba wa safari moja ina sahihi sita; inayokosekana ni ya Kanali. Sita! Miaka thelathini na minne ya kusimama kwenye foleni. Ya kwanza aliipata Nadine, mke wangu, dukani, mbele ya rafu ya mayai. Alikuwa ametoka kuichukua picha kwa mtengeneza fremu, akamwona rubani wa safari ile anachagua mayai, akamwomba, akapewa. Nimemweleza mara nyingi kwamba ile ilikuwa bahati tu.

Atakayekuwa wa kwanza kukamilisha saba, picha yake inatundikwa ukutani kwenye chama chetu cha wakusanyaji sahihi hapa Titusville, pale mlangoni, kila anayeingia aione. Wa kunipiku ni mmoja tu: Delbert Oakes. Ana picha ileile yenye sahihi zilezile sita, kwa sababu miaka yote hiyo tulikuwa foleni moja, yeye mbele yangu. Daima mbele yangu!

Kanali atawasainia wenye tiketi mia moja na hamsini za kwanza tu. Yangu ni namba 212. Nimeuliza ya Delbert: namba 211. Nimekosa hamu ya kula.

Ijumaa, 8 Novemba

Mpango: kujitolea! Wanaojitolea hawapangi foleni. Kila mmoja anaweka kitu kimoja ndani ya sanduku, na Kanali anavisaini vyote Jumapili mchana. Saa moja kamili asubuhi niko kwenye hoteli atakayosainia Kanali, nimenyoa, nimechana nywele, natabasamu kwa Bi Connie Faulk, mwandalizi.

Delbert ameshafika. Ana beji. Amepewa kazi ya kukaa meza moja na Kanali! Mimi nimepewa maegesho, na kizibao cha rangi ya machungwa kinachonibana tumboni.

Nimesimama juani kwa saa nne nikiyapungia mkono magari ya watu, nikawaza. Sanduku litatukamilisha wote wawili siku moja. Connie, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa chama, amesema ikiwa hivyo itatundikwa picha iliyo safi zaidi. Yaani sahihi tupu, bila jina la mtu. Picha yenye "Kwa fulani" ni kama suti iliyoshonewa mtu mwingine, na hata jina likiwa lako mwenyewe, wenzako wanakuona mgeni wa mambo haya. Kwa hiyo ya Delbert lazima ichafuke. Na anayeandika majina ni msaidizi wa meza. Lazima nikae mezani!

Mchana nikamvuta Connie pembeni, nikamnong'oneza kwamba Delbert anakohoa vibaya sana, na Kanali kwa umri ule, jamani, tumhurumie. Connie akashtuka, akamwondoa Delbert mezani palepale. Moyo ukanidunda kwa furaha. Halafu akaniuliza nimejuaje. Nikasema nilikuwa naye asubuhi nzima, bega kwa bega. Akasema basi na mimi nikae mbali na Kanali.

Jioni Delbert amenifuata garini na chupa ya asali. Ameambiwa naumwa. Roho mbaya gani hii, kuniletea asali!

Jumamosi, 9 Novemba

Connie amekalia miwani yake! Sikuhusika, naapa. Alikuwa amekaa mezani mwenyewe, sasa haoni herufi, akaulizia mtu mwenye mwandiko mzuri asiyekohoa. Nikajitokeza mbele nikapumua kwa nguvu mara tatu bila kukohoa hata kidogo. Nikapata!

Kazi yenyewe rahisi. Unamuuliza mtu anataka aandikiwe nini, unaandika kwenye kikaratasi cha njano, unakibandika juu ya picha, Kanali ananakili neno kwa neno. Asiyetaka jina hapati kikaratasi. Kanali hana maneno mengi. Anauliza tu kama hujambo, kisha anainama na kuandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, ulimi nje. Saa tano akaniambia nina mwandiko wa kupendeza. Nimemwambia Nadine. Nadine akasema mtu yuko kando yako kwa saa saba, si ungemwomba? Hawa watu wa rafu ya mayai hawaelewi kazi ya kitaalamu.

Delbert yuko mlangoni, anamwambia kila anayeingia kwamba picha yake imo sandukuni na haina kikaratasi. Sahihi tupu, anasema, tupu kabisa. Cheka, ndugu yangu. Cheka sana.

Jumapili, 10 Novemba

Asubuhi nimeandika kikaratasi nyumbani, kwa utulivu, nikiwa na kahawa. "Kwa Delbert" peke yake ingekuwa fupi mno. Nilitaka kitu kirefu, kitambae mbingu yote ya picha, kisifichike hata kwa fremu nene. Nikaandika: "Kwa Delbert Oakes, mkusanyaji hodari kuliko wote niliokutana nao duniani na nje yake." Nikacheka peke yangu mpaka Nadine akauliza kulikoni.

Saa sita na nusu, Kanali anakula kamba wa kukaanga chumba cha pili, sanduku liko mezani, mimi na sanduku tu. Nikazikuta picha zetu mbili zimelaliana, mifuko ya plastiki ileile, nyuso saba zilezile, sahihi sita pembe zilezile. Yangu ni ya juu, nikajiambia, niliiweka jana baada ya yake. Nikasikia viatu vya Connie. Nikabandika kwenye ya chini, nikafunga, nikaanza kupiga mluzi.

Saa tisa tukagawiwa vitu vyetu. Delbert akapokea yake, akaitazama, akaibusu. Safi! Sahihi tupu!

Nikapokea yangu.

"Kwa Delbert Oakes, mkusanyaji hodari kuliko wote niliokutana nao duniani na nje yake." Imevuka mbingu yote, kama nilivyotaka. Mzee wa watu ameandika kila neno. Amepigia mstari "hodari".

Kumbe Connie alilimwaga sanduku jana jioni ili ahesabu vitu, akavirudisha upya. Nimekwisha. Nimeendesha gari mpaka nyumbani sijafungua hata redio. Nilitaka kulia, na nililia kidogo kwenye daraja.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeamka na wazo. Spiriti! Kila mkusanyaji anajua kwamba wino wa maka peni juu ya picha inayong'aa unatoka kwa pamba na spiriti, mkono ukiwa mwepesi. Nikifuta maneno nikaacha sahihi, picha ni safi, tuko sawa na Delbert, ukuta unagombewa upya.

Mimi si mjinga. Nimejaribu kwanza kwenye picha ya dada yake Nadine. Nikaandika juu ya paji la uso, nikafuta, likatoka lote. Dada mtu amebaki anang'aa kuliko mwanzo.

Saa nne kasoro dakika ishirini, meza ya jikoni. "Nje yake" ikatoka. "Duniani" ikatoka. Jina la Delbert nilifuta kwa raha ya pekee. Pamba ikajaa, nikaikamua kidogo, na tone moja likadondoka. Likateremka taratibu. Nikalizuia kwa kidole. Lo! Nisingefanya hivyo. Sahihi ya Kanali imekuwa wingu la buluu lenye alama ya kidole changu katikati.

Saa nne na dakika kumi simu ikalia. Delbert. Anahema kwa furaha. Amekunywa chai hotelini na Kanali kabla hajaondoka, na Kanali amemwambia ameona fahari kumwandikia maneno mazuri vile. Maneno gani, Delbert akauliza. Kanali akamtajia yote kwa kichwa. Basi Delbert amejua kwamba vikaratasi vilichanganyika, na picha ile imekuja kwangu. Tubadilishane, bwana Vernon, akasema. Chukua hii yangu safi, uitundike ukutani, mimi nipe ile yenye jina. Usiiguse tu, ndugu yangu, naja sasa hivi.

Yaani ningepata yote! Sahihi saba, safi, na ukuta, na Delbert mwenyewe akiniletea mpaka mlangoni! Nikajifungia chooni. Nikamwambia Nadine amwambie nimelala. Nadine akasema hamdanganyi mtu aliyekuja na pai ya ndimu, akamkaribisha jikoni, penye picha, pamba na harufu ya hospitali.

Nilipotoka, Delbert alikuwa amekaa, picha mapajani, anapapasa palipokuwa na jina lake. Mzee mzima anatokwa na machozi. Akasema kila mtu ana sahihi, sahihi tupu utafikiri umeinunua kwa posta. Akasema miaka sabini na mmoja aliyoishi, hakuna aliyewahi kumwita hodari wa kitu chochote. Niliona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akauliza ni nani aliyetunga maneno yale. Nadine alikuwa ananikazia macho. Nikasema ni mimi.

Delbert akainuka akanikumbatia! Kwa nguvu, shingo nzima! Akasema alidhani miaka yote hii namchukia, kumbe moyoni nina maneno kama hayo. Nikasema eeh, ndiyo, basi hivyo. Tulikula pai. Ilikuwa tamu, sina budi kukiri.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo picha ya Delbert imetundikwa. Watu wamejaa, Connie ana miwani mipya, maneno mengi. Kibao cha chini kinasema: "Delbert Oakes, pamoja na rafiki yake Vernon Tackett." Alishikilia mwenyewe jina langu liwepo. Watu wakanipigia makofi. Nadine akanishika mkono. Kwa dakika moja nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale ndani.

Halafu nikasogea karibu. Herufi za jina langu ni ndogo kuliko zake. Si sana. Lakini nimepima.

Picha yangu mimi imerudi sahihi sita na wingu. Kanali yuko kwake, hasaini tena, na ndivyo itakavyobaki mpaka nife. Inauma, na sitajifanya haiumi. Nadine anasema mwandikie barua, umweleze ukweli, umwombe. Ukweli! Kwa barua!

La muhimu ni hili: Machi kuna maonyesho Houston. Anakuja mwanaanga wa mwisho wa safari nyingine, ya watu watano. Mimi nina sahihi nne. Delbert ana nne, zilezile. Amependekeza twende gari moja, mabegi pamoja, picha zetu zikae kwenye jalada moja zisikunjike. Nimekubali haraka. Siku mbili barabarani na jalada lake mikononi mwangu!

Nimeyafikiria yaliyotokea kwa makini na bila kujipendelea, na nimeliona kosa. Ni moja tu: sikuweka alama. Basi jioni hii nimechukua penseli nikachora msalaba mdogo nyuma ya yangu, pembeni, asiouona mtu. Sasa sikosei tena.

Delbert amepiga simu sasa hivi. Ana furaha sana. Amepata njia, anasema, ili picha zetu zisichanganyike tena kamwe: amechora msalaba mdogo kwa penseli nyuma ya yake.

Nikamsifu sana. Nikakata simu. Nimefuta msalaba, nimechora duara. Hilo hawezi kuliwaza.